Mwendo wa Mwalimu Kondo

Kichokonozi kilikuwa hakicheki, na hilo liliwaudhi sana wageni waliotembelea ofisi za kampuni ya Mwendo Mwema pale katikati ya jiji la Tabora. Mashine ya kuchambua vitu vinavyochekesha watu, yenyewe imenuna kama mkwe aliyenyimwa firigisi. Ilikuwa na umbo la kabati la nguo na jicho moja tu katikati ya milango. Ukiilisha video inameza, inatulia, halafu inaanza kuunguruma kama tumbo la mtu aliyekula maharage ya jana.

Kazi yake ilikuwa kuwinda sekunde. Kila video iliyotazamwa na watu huacha alama: nani alirudia wapi, nani alitabasamu, nani vinyweleo vilimsimama. Miaka hiyo saa za mkononi zilikuwa zinajua habari za vinyweleo vyako kuliko wewe mwenyewe. Kichokonozi kinazikusanya alama zote, kinachokonoa mpaka kinaifikia ile sekunde iliyowashika watu, kinaikata. Kisha kinaikoboa. Kinaondoa sauti, kinaondoa nguo, sura na mahali, kinabakiza mwendo mtupu: mifupa ya mwanga inayochezacheza gizani. Mwendo huo mafundi waliuita sembe. Vingine vyote, maneno ya wimbo, majina, udongo, machozi, waliviita pumba. Sembe ilikwenda mezani. Pumba zilikwenda ghalani, na ghala lenyewe hakuna aliyekuwa na shida ya kulifungua.

Fundi aliyekuwa zamu siku hiyo aliitwa Kashindye, kijana mrefu mwenye mdomo usiopumzika. Chuo kikuu alikiacha mwaka wa tatu, au chuo kilimwacha yeye, inategemea unamuuliza nani. Alikuwa ameichezea lifti ya chuo iwe inakohoa kila mhadhiri akiingia, na mkuu wa chuo akaingia na wageni wa heshima. Lifti ikakohoa mpaka ghorofa ya kumi. Sasa alikuwa hana cheti, ana kipaji tu, na kipaji bila cheti ni kama gari bila namba: linatembea, ila kila mtu anakusimamisha.

"Nataka jambo moja tu," bosi wake, Mama Thekla, alikuwa amemwambia. "Muuza nyanya wa sokoni akimwona mpagazi, amwite mwanangu. Ukiweza hilo, habari ya cheti sitakuuliza tena. Ukishindwa, tutaonana vizuri."

Wapagazi walikuwa ndio tatizo la jiji. Tangu kituo cha kurushia vyombo vya anga kijengwe Uyui, Tabora ilifurika wageni na mizigo, na halmashauri ikaleta roboti za kubeba. Watu wakakumbuka misafara ya zamani ambayo mababu zao waliibebea mizigo, wakaziita roboti hizo wapagazi. Zilikuwa za chuma, kimo cha mtoto wa darasa la saba, zina kikapu mgongoni. Zilibeba mkate, maji, dawa, hata mbuzi. Lakini hakuna aliyezipenda, maana zilitembea kama askari aliyetumwa kukamata mtu. Akina mama walifunga milango. Mbwa walizibwekea mpaka sauti zikawakauka.

Kwa hiyo Kashindye alikuwa anatafuta mwendo. Alikilisha Kichokonozi harusi, mechi, ngoma na vichekesho. Kikameza vyote, kikatema uji. Mpaka alipokilisha video moja ya muziki iliyotengenezwa na wanafunzi wa sekondari moja ya mtaa wa Ng'ambo, wimbo unaitwa "Mwalimu Hajafika." Picha yenyewe ya simu, inatikisika. Kichokonozi kiliimeza, kikanyamaza kuliko kawaida, halafu mshale wa furaha ukapanda mpaka mwisho wa kipimo ukagoma kushuka.

"Umepata nini wewe?" Kashindye akakisogelea.

Kwenye giza la kioo ikatokea mifupa ya mwanga. Mmoja alikuwa anatembea akichechemea mguu wa kulia. Baada ya hatua chache anasimama, anapandisha suruali kwa viwiko, anafuta miwani kwa ncha ya shati, ananyoosha kidole juu kama mtu aliyekumbuka neno kubwa sana, halafu analisahau, anaendelea na safari. Nyuma yake mifupa mingine midogo midogo ilikuwa inakunjana kwa kicheko. Baadhi walikuwa wameweka mikono kichwani, wanayumba kushoto na kulia.

Kashindye alicheka mpaka akashika meza. Alirudia, akacheka tena. Kwa utaratibu wa kazi hakuhitaji kuitazama video yenyewe, na kusema kweli hakuna fundi aliyezitazama. Ungekoboa mahindi halafu ule na pumba? Akauchukua mwendo kama ulivyo. Ile mikono ya kichwani nayo akaipenda, akaona ni mtindo mpya wa kucheza, akaiweka kwa ajili ya wapagazi wakiwa wanasubiri taa za barabarani.

Asubuhi ya uzinduzi jiji lilisimama. Mpagazi wa kwanza alitoka sokoni na kapu la vitunguu, anachechemea, akafika katikati ya njia panda, akafuta miwani ambayo hana, akanyoosha kidole mbinguni. Kisha muuza nyanya mmoja akapasuka kicheko. "Jamani, huyu ni wa nani? Mwanangu, umesahau nini?" Ikawa hivyo mtaa kwa mtaa. Watoto waliwafuata nyuma wakichechemea. Vijana waliwapa majina. Kwenye taa nyekundu wapagazi walisimama kwa safu, mikono kichwani, wanayumba, na madereva wakapiga honi kwa furaha. Wachache tu, watu wazima, waliwatazama kwenye zile taa wakaacha kucheka bila kujua kwa nini.

Kashindye alipewa ofisi yenye dirisha. Mlangoni wakaandika Fundi Mkuu wa Mwendo, na alikuwa ametundika miguu juu ya meza akilifurahia dirisha lake pale msichana mmoja alipoingia amevaa sare za shule. Hakutoa shikamoo.

"Wewe ndiye Kashindye?"

"Ndiye. Umefuata saini yangu?"

"Nimefuata kukuuliza kabila lako."

"Mnyamwezi wa Sikonge," Kashindye akacheka. "Kwani unataka kuniozesha?"

"Na mimi Mnyamwezi. Naitwa Nyamizi. Ndiyo maana nimeshindwa kukuelewa." Alibaki amesimama. "Yule anayechechemea kwenye video ni mimi. Ninayemwigiza ni Mwalimu Kondo, alikuwa anatufundisha fizikia. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe."

Kashindye alishusha mguu mmoja. "Alikuwa?"

Nyamizi alimtazama tu, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi amalizie hesabu ambayo jibu lake limeshaandikwa ubaoni.

Na Kashindye akamalizia. Mguu wa pili ukashuka wenyewe. Ile mikono ya kichwani. Ni mtoto gani wa Kinyamwezi asiyejua mikono ya kichwani ni ya nini?

Alifungua ghala la pumba. Ilimchukua muda kupata mlango, maana haukuwa umefunguliwa tangu mashine inunuliwe. Akaitoa video nzima, na sauti yake, na mahali pake. Uani kwa mtu. Majamvi yametandikwa. Wanaume wamekaa na kofia zao, wanawake wamejifunika kanga. Wanafunzi wamesimama kwa mistari kama gwaride la asubuhi, wanaimba:

*Kengele imelia, mwalimu hajafika,*
*chaki iko mezani, ubao unatusubiri.*
*Njoo hata kama umechelewa,*
*leo hatutakusema.*

Na katikati ya majamvi Nyamizi, ndani ya koti la marehemu linalomfika magotini, anachechemea, anafuta miwani, ananyoosha kidole. Watu wanacheka huku wanalia. Mwanamke mmoja aliyefunikwa nguo nyeupe, ambaye mpaka hapo alikuwa kama jiwe, anainua uso, anacheka, na kicheko kinakatika katikati kinakuwa kitu kingine. Wanafunzi wanaweka mikono kichwani. Hiyo ndiyo ilikuwa ile sekunde. Kichokonozi kiliona meno, kikaandika furaha.

Kashindye hakuhitaji kufafanuliwa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na kwenye msiba mtani ndiye mtu pekee mwenye ruhusa ya kuwachekesha wafiwa. Anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anaongea sauti yake, anaweza hata kulala kaburini na kugoma kutoka. Anamleta marehemu mara moja ya mwisho, watu wamwone, wamcheke, wamwachie aende. Halafu nguo zinavuliwa na mambo yanakwisha. Kashindye aliyajua haya kabla hajajua kuandika jina lake.

"Mimi koti nililivua pale pale," Nyamizi alisema. "Nyie mmelivalisha jiji zima. Halivuliki."

"Sasa kwa nini mliiweka hadharani?" Alisema hivyo kujitetea, na neno lilipotoka akaona lilivyo dogo.

"Shangazi yake Mwalimu yuko Kisarawe, mgonjwa, hakuweza kufika. Tuliiweka naye azike." Akafunga kifungo cha juu cha shati lake, kama mtu anayejiandaa kuondoka. "Mke wake, Bi Mwantumu, yuko eda. Hatoki nje. Amekaa dirishani, na mume wake anapita njiani kutwa nzima amebeba mkate. Nimekuja usikie hilo tu."

Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Kashindye aliona kwamba yeye hata kuosha hakuosha, alimchukua maiti akamtembeza sokoni.

Alimfuata Mama Thekla, akamweleza. Mama Thekla alisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya.

"Pole yake mama wa watu," alisema. "Tumpelekee ubani. Lakini mwendo hatuutoi, Kashindye. Mbwa wameacha kubweka. Unajua ni kazi gani hiyo?"

"Mama, ni mwendo wa marehemu."

"Kila mwendo ni wa marehemu fulani, ukifuatilia. Wewe mwenyewe unatembea kama babu yako. Kakae, unywe maji, tutaongea Jumatatu."

Kashindye hakusubiri Jumatatu. Funguo za mwendo alikuwa nazo yeye. Alikaa mbele ya mtambo, akatoa amri kwa wapagazi wote: ikifika saa kumi za alasiri warudi kwenye mwendo wa kiwandani, mikono chini. Alijua kibarua chake kimeota nyasi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akajisikia ana uso wa kumtazama nao mtu. Akamtafuta Nyamizi kituo cha daladala, wakaongozana kwenda Ng'ambo. Njiani alikuwa anaipanga ile habari mdomoni kama mtu aliyebeba zawadi.

Nyumba ilikuwa na ua wa mchanga uliofagiliwa vizuri, geti la bati, na mlango uliotundikwa pazia la kijani. Kwa sababu ya eda, Bi Mwantumu alibaki nyuma ya pazia. Kashindye alikaa uani kwenye kigoda, akaongea na kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyamizi, ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mbona mwembamba? Mwambie asogee kivulini, asije akaungua uani kwangu nikalaumiwa."

Kashindye akasogeza kigoda. "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nimekosa. Sikujua."

"Hukujua, au hukuuliza?"

Kuku alikuwa anaparura karibu na geti. Kashindye alimtazama yule kuku muda mrefu kuliko kuku anavyostahili.

"Sikuuliza, mama."

"Haya. Hapo tunaweza kuongea." Nyuma ya pazia kiti kililia. "Siku ya kwanza nimesikia ule mguu unaburuzwa njiani, nilisema sasa na mimi ndiyo naondoka. Nikawaambia wafunge dirisha. Nikakaa gizani, na bado namsikia. Nilimlaani aliyefanya vile, kwa hiyo nimeshakulaani, ujue, hilo halina siri. Baadaye nikasema, Mwantumu, utakaa gizani mpaka lini? Nikafungua mwenyewe. Na anayetuletea mkate huwa anapita hapa baada ya adhana ya alasiri. Anasimama pale getini, anafuta miwani yake. Mimi namsalimia."

"Unamsalimia," Kashindye alisema polepole.

"Najua ni bati. Nimefiwa, sijawa chizi. Namwambia, Mwalimu, umechelewa leo. Basi. Kisha nakula mkate. Nilikuwa siwezi kula, sasa nakula."

Ile zawadi aliyokuwa ameibeba mdomoni ikamgeukia Kashindye. Alitamani kuimeza, lakini adhana ilikuwa imeshaanza kusikika upande wa pili wa mtaa.

"Mama," alisema, "nimeshauzima."

"Umezima nini?"

"Ule mwendo. Kwa wote. Nilidhani ndicho unachotaka."

Nyamizi, aliyekuwa amekaa kizingitini, alifumba macho. Adhana ikaisha. Njiani zikasikika hatua, nzito, zilizolingana, tap, tap, tap, na mpagazi akaingia getini amenyooka kama msumari. Mbwa wa jirani akaanza kubweka. Mpagazi aliweka mkate kwenye kikapu cha mlangoni, akageuka kijeshi, akaondoka. Hakusimama. Hakufuta kitu.

Pazia lilitulia kabisa.

"Mlimfufua bila kuniuliza," sauti ya Bi Mwantumu ikatoka, ya kawaida tu, na ingekuwa nafuu kama angepiga kelele. "Sasa mmemzika bila kuniuliza. Mara zote mbili nilikuwa hapa hapa, sina pa kwenda. Mlango wenyewe hata kitasa hauna."

"Naweza kuurudisha," Kashindye alisema haraka. "Kwa huyu mmoja tu, wa hapa kwako. Kabla hawajaninyang'anya funguo. Mama, ni dakika moja."

"Mume wangu siyo taa, mwanangu, uwashe, uzime, uwashe."

Kashindye aliinamisha kichwa. Katika maisha yake alikuwa ameomba msamaha mara nyingi, na mara zote alikuwa na utani mfukoni wa kumtoa: neno moja, watu wanacheka, wanasema huyu naye. Akaupapasa. Mfuko ulikuwa mtupu.

"Nyamizi kaniambia wewe ni mtani wetu," Bi Mwantumu alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa wapi siku ya msiba?"

"Ofisini. Sikuwa namfahamu marehemu."

"Mtani hahitaji kumfahamu mtu. Anahitaji kuja." Kiti kililia tena, kama mtu anayekaa vizuri ili aone. "Sasa umekuja. Mtani hatumi bati. Simama."

Kashindye alisimama. Alielewa anachoambiwa, na joto likampanda kutoka shingoni mpaka kwenye nywele. Alivua viatu, akaviweka pembeni, akaenda mpaka getini. Wanawake wawili wa nyumba ya pili, walioitwa na mbwa, walikuwa wameshaegemea ukuta wanatazama. Kuku aliondoka.

Akaanza. Goti linapinda kiasi gani, alijua; kisigino kinakaa chini muda gani kabla ya kunyanyuka, alijua mpaka nukta ya mwisho, kwa sababu yeye ndiye aliyezipanga nukta zenyewe. Alichechemea, akasimama, akapandisha suruali kwa viwiko, akafuta miwani ambayo hana, akanyoosha kidole mbinguni. Akabaki amenyoosha. Mpaka hapo mtu hupaswa kuwa amesahau kitu, lakini yeye hakujua Mwalimu Kondo alikuwa anasahau nini. Alisimama pale katikati ya ua wa watu, kidole juu, jasho linamtiririka mgongoni, na hakuna aliyecheka. Nyamizi hakucheka, wala wale wanawake wa ukutani. Kazi ya mtani ni moja tu, na ilikuwa imemshinda.

"Mguu siyo huo," Bi Mwantumu alisema.

Kashindye aliteremsha kidole.

"Mwalimu alikuwa anachechemea wa kushoto. Yule wa kwenu alikuwa anatembea na mguu wa watu. Ndiyo maana nikajua siyo yeye."

"Tulirekodi kwa kamera ya mbele," Nyamizi alisema kwa sauti ndogo. "Inageuza kama kioo. Tulisahau kuigeuza tena."

Jiji zima, Kashindye aliwaza. Kila barabara, kila taa, watoto wote wale. Mguu wa watu.

"Halafu kile kidole," sauti ya nyuma ya pazia iliendelea, "hakikuwa cha kwenda mbinguni. Alikuwa anahesabu madirisha ya darasa, kuona nani amekaa wapi. Kila siku anahesabu, kila siku anasahau amefika lipi, anaanza tena. Sasa hayo utayajuaje kama hujaambiwa? Rudi getini. Anza upya."

Kashindye akarudi getini.